Kichina cha Baba

Mwaka ambao mama alitangaza kuwa mpunga ukishaingia ndani atahama nyumbani ndio mwaka nilioanza kuangalia filamu za Asia. Nimejaribu kuvitenganisha vitu hivi viwili nikashindwa. Watu wakinisikia nikizisifu filamu fupi, zile za dakika kumi au kumi na tano, hudhani nilizijulia Dar es Salaam kwa wasomi. Nilizijulia Ifakara, katika ukumbi wa parokia, madirisha yamezibwa kwa magunia, na mkalimani alikuwa baba yangu mzazi, ambaye hakujua hata lugha moja kati ya zile alizokuwa akizitafsiri.

Nianze na mama. Tangazo lake alilitoa bila kelele, tukiwa tunakula mchana, nyumbani kwetu Lipangalala.

"Mpunga ukiingia ndani mimi nahamia kwetu," alisema. "Nataka kuzeekea karibu na mwanangu."

Baba aliendelea kula. Aliyeacha kula ni mimi. Nilikuwa kitinda mimba, nimemaliza kidato cha nne kwa matokeo ambayo sina haja ya kuyasimulia, nafundisha watoto wa chekechea ya parokia. Ndugu zangu walikuwa wameshatawanyika na maisha yao. Mama akiondoka, ningebaki mimi na baba tunaangaliana, na jambo hilo lilinitia hofu kuliko nilivyothubutu kusema.

Mwana aliyemtaja alikuwa kaburini tangu kabla sisi wengine hatujazaliwa. Ndiye aliyekuwa mtoto wao wa kwanza, wa kiume, aliyekufa kwa surua wakati reli inajengwa. Baba alikuwa kibarua huko mbele ya Mlimba, anachimba mahandaki na Wachina. Mama alikuwa kwao, katika kijiji kilicho ukingoni kabisa mwa mto upande wa Ulanga, karibu kiasi kwamba jogoo wa kule akiwika huku wanamsikia. Mtoto alipokufa walimtuma mtu akamwite baba. Baba hakutokea. Alikuja baada ya mwezi mzima, ameshika kilo ya sukari na khanga, akasema habari zilimchelewa.

Miaka mingi baadaye mama alikutana sokoni na yule aliyetumwa. Yule mtu akaapa kuwa ujumbe aliufikisha kesho yake, mkono kwa mkono. Mama alirudi nyumbani akapika kama kawaida. Alilelewa kuamini kwamba mke hamhoji mume juu ya msiba, anangoja aambiwe. Akangoja. Moyoni alikuwa ameshahitimisha kuwa baba alithamini kibarua kuliko mtoto, na kila Novemba, mwezi wa kuwaombea marehemu, alivuka mto peke yake kwenda kusafisha kaburi, baba akijifanya ana kazi ya kuezeka banda la kuku. Hayo yote nilisimuliwa na shangazi, kwa sababu wenyewe wawili walikuwa hawayasemi.

Sasa mikanda ya video ya zile filamu. Ililetwa na mtaalamu wa mpunga, mtu wa Asia, aliyekaa bondeni kwetu miaka michache akifundisha wakulima kupanda kwa mistari, kuanzia Chita mpaka mashamba yetu. Tulimwita Mchina. Hakuwa Mchina, na mwanzoni alikuwa akisema hivyo kwa adabu kila alipoitwa, halafu akachoka akawa anaitikia. Dada yake alikuwa mwalimu wa utengenezaji wa filamu huko kwao na alikuwa akimrekodia filamu fupi za nchi mbalimbali za Asia ili asife kwa upweke. Alipoondoka alimwachia paroko sanduku zima. Parokia ilikuwa na televisheni na deki, vilivyokuwa vinatolewa wakati wa Kwaresima tu. Paroko, mtu asiyependa kitu kikae bure, akatangaza baada ya misa kwamba kila Jumapili alasiri, umeme wa Kidatu ukiwepo, kutakuwa na picha.

Jumapili ya kwanza ukumbi ulijaa. Watu walikuwa wamezoea picha za bandani sokoni, za mateke na ngumi, na za Kihindi ambazo mtu akipenda lazima aimbe. Basi wakakaa tayari. Akatokea bibi kizee mmoja anafagia theluji kutoka mlangoni kwake. Anafagia, theluji inaanguka, anafagia tena. Akaingia ndani, akanywa chai, akatoka, njia imejaa theluji. Akachukua fagio. Kisha maandishi yakaanza kupanda.

"Imeisha?" mtu aliuliza.

"Imeisha," paroko alijibu.

"Na adui yake je?"

Kulikuwa na manung'uniko. Mtu akasema yule bibi alikuwa akiongea peke yake muda wote, bila shaka siri ya picha imo humo. Ndipo sauti kutoka nyuma ikasema, "Si yupo mzee aliyejenga reli?" Ukumbi mzima ukamgeukia baba.

Nieleze hapo, maana mgeni anaweza kutuona wajinga. Mji mzima uliamini baba anajua Kichina. Ukweli ni kwamba alijua kusalimia, kuhesabu mpaka kumi, na neno moja la kukemea mtu aliyeinua nondo vibaya. Lakini alikuwa ameishi na Wachina, na kwenye harusi akiombwa kuhesabu alihesabu, watu wakapiga makofi. Waliokuwa kwenye televisheni, kwa hesabu ya Ifakara, walikuwa Wachina wote. Hata walipoonekana wanawake waliojitanda shuka nyeusi jangwani, hata walipotokea watawa wenye vipara na mashuka ya rangi ya chungwa, hakuna aliyetetereka. Kama sisi tulivyo Wapogoro, Wandamba na Wasukuma, ndivyo na wao walivyo na makabila yao.

Baba angeweza kukataa. Nilimwona akisita, halafu akainuka, akaomba fimbo ya mwanzi ya kuonyeshea ubaoni, akasimama kando ya televisheni. Picha iliyofuata ilikuwa ya babu na mbuzi wake mlimani. "Anasema," baba alianza kwa sauti ya mtu anayesoma somo kanisani, "mbuzi huyu amekataa maji tangu jana." Wasukuma waliokaa nyuma na kofia zao wakaguna kwa kuafiki. Mmoja akasema mbuzi wa hivyo ana minyoo. Kuanzia siku ile baba akawa Mkalimani, na kila mtu alikuwa na haki ya kumuuliza swali picha ikiendelea, naye alikuwa na wajibu wa kujibu.

Mimi nilizipenda zile filamu kwa namna iliyonishangaza. Kulikuwa na moja ya msichana anayengoja ndoo ijae kwenye bomba linalotoa maji membamba kama uzi. Basi. Anangoja, anahamisha mguu, anafukuza nzi, ndoo inajaa, anaondoka. Wenzangu walisonya. Mimi nilikuwa nimeganda. Sikujua kuwa inaruhusiwa kumpiga mtu picha akiwa anangoja tu, na kwetu nyumbani siku zile kila mtu alikuwa anangoja. Nilitoka ukumbini nikamfokea mtoto wa jirani bila sababu.

Jumapili ya tatu nilikaa mbele kabisa ili niwatulize watoto wa chekechea, na hapo nikagundua vile vimaandishi vya Kiingereza chini ya picha. Vilikuwa vidogo, vyeupe, mara nyingi vinapotelea kwenye mwanga, na kutoka nyuma vilionekana kama mikwaruzo ya mkanda. Nikaanza kusoma. Fundi wa miavuli alikuwa anamwambia mteja kuwa mpini umevunjika. Baba alikuwa anawaambia watu kuwa mvua ya namna hii itaozesha vitunguu.

Niliona aibu. Niligeuka kumtazama paroko, akakwepa macho yangu. Nikamtazama muuguzi mmoja aliyekaa upande wa wanawake, mtu anayejua Kiingereza kuliko mimi, naye akajikausha. Nikaelewa kuwa wote wenye kusoma walikuwa wanajua tangu siku ya kwanza. Hakuna aliyekuwa tayari kumsahihisha mzee mbele za watu, maana hiyo ni sawa na kumvua nguo.

Nyumbani nilimfuata uani. "Shikamoo baba. Yale maneno unayosema pale, mbona hayamo?"

"Marahaba. Watu walikuwa wanasikiliza au hawasikilizi?"

"Walikuwa wanasikiliza."

"Haya."

Akaendelea kunoa mundu wake. Nilimkasirikia sana. Mke wake anafungasha maisha, naye anatunga habari za vitunguu.

Halafu ikaja picha ya reli.

Ilikuwa stesheni ndogo, ukungu, mwanamume mwenye koti amesimama na boksi lililofungwa kamba, anaongea na mkata tiketi dirishani. Kwa vimaandishi, alikuwa anaulizia kofia yake aliyoisahau ndani ya behewa: ya kahawia, imechanika ukingo. Nilisubiri baba aseme lolote, la mvua au la mbuzi. Yeye alikuwa anaangalia yale mataruma ya reli. Watu wakaanza kukohoa.

"Anasema ameletewa habari," baba alisema hatimaye. "Mtoto wake amefariki. Anasema habari imemfikia kesho yake, haikuchelewa."

Mama alikuwa amekaa katikati ya wanawake, khanga begani. Hakutikisika.

"Ameomba ruhusa kwa msimamizi, amepewa. Amepanda behewa la kokoto. Amefika mtoni."

"Mto uko wapi?" aliuliza bibi mmoja kwa upole.

"Uko mbele. Hawajauonyesha."

"Ehe."

"Amefika mtoni," baba alirudia. "Akarudi."

"Akarudi wapi?"

"Kazini."

Kwenye picha, mkata tiketi alitoa kofia chini ya meza, yule mtu akaipokea akacheka. Watu wakauliza kofia ni ya nini tena mtu akiwa na msiba. Baba akasema hapo hajaelewa vizuri, na filamu ikaisha.

Mama alinisubiri mpaka Jumanne. Alikuwa anapepeta mchele, mimi nachambua mawe.

"Wewe unasoma vile vimaandishi," alisema. "Vilisema alivyosema baba yako?"

Ningeweza kumdanganya. Ningesema ndiyo, yangebaki maneno ya Mchina fulani stesheni, na labda hilo ndilo baba alilotaka, kusema bila kusikiwa. Lakini mama alikuwa ameacha kupepeta, na sikuwa na moyo wa kumwongezea mtu mwingine wa kumficha ukweli.

"Hapana mama. Yule mtu alikuwa anatafuta kofia yake."

"Kofia tu?"

"Kofia tu."

Alipepeta ungo mzima kabla ya kusema tena. "Jumapili twende mapema. Nataka kukaa mbele."

"Mama, usimwaibishe."

"Nitauliza kuhusu picha. Kila mtu anauliza."

Ile wiki sikula vizuri. Nilimwogopea baba, halafu namwona anapita na jembe begani, nasema moyoni acha aulizwe, halafu namwogopea tena.

Jumapili picha ilikuwa ya mwanamke aliyejifunga kitambaa kichwani, anaoka mikate bapa kwenye tanuri la udongo, mahali pakavu pasipo na mti. Alikuwa anapiga soga na jirani yake. Baba alianza kwa hadhari. "Anasema unga wa safari hii una pumba."

"Mkalimani," mama aliita.

Hakuwahi kumwita hivyo. Baba aligeuka.

"Yule mtu wa wiki iliyopita, aliyefika mtoni akarudi. Muulize huyu mama kama anamjua."

Ukumbi ulifurahi, swali lilikuwa zuri. Baba aliitazama televisheni. "Anamjua," alisema.

"Alirudi kwa nini?"

"Anasema... mto ulikuwa umejaa."

"Kilikuwa kiangazi," mama alisema. "Na mitumbwi ilikuwepo."

Mtu nyuma yangu alimnong'oneza mwenzake kuwa mama yule inaelekea picha hii ameshaiona. Mwanamke wa tanurini alikuwa anacheka, anabandua mkate, anampa jirani. Baba aliinua fimbo kama anayetaka kuonyesha kitu, akaishusha. Kisha akaiweka chini kabisa, sakafuni, na kuwageukia watu.

"Jamani, mimi Kichina sijui."

Vijana wawili watatu walicheka kwa nguvu. Mzee mmoja akawakemea. Baba alisubiri kicheko kiishe; uso wake ulikuwa umelowa jasho, na mtu ambaye kwa zaidi ya miaka ishirini alihesabiwa miongoni mwa wenye ujuzi mjini alikuwa amesimama pale bila kitu. Nilitamani kumwekea khanga begani nimtoe nje. Halafu akaanza kusema Kipogoro, ambacho nusu ya ukumbi walikielewa, akimtazama mama peke yake.

Alisema alifika. Alikaa chini kwenye ukingo wa mto, mwenye mtumbwi akamuuliza kama anavuka. Ndipo akamsikia mama analia ng'ambo. Alikuwa hajawahi kusikia mtu akilia vile. Alijua akivuka atamkuta na kile kilio usoni, naye hana cha kumpa. Akamwambia mwenye mtumbwi kuwa amekosea njia. Akarudi kambini akachimba usiku na mchana mpaka msimamizi akamwambia apumzike.

"Kilichonichelewesha ni woga," alisema. "Sikuwa na kingine."

Filamu ilikuwa imeisha, kioo kimebaki buluu. Paroko hakugusa deki. Mama aliinuka, akajifunga khanga vizuri, akatoka, nami nikatoka nyuma yake. Uani kulikuwa na baiskeli zimeegemezwa ukutani na jua kali. Baba alitufuata, akasimama mbali kidogo.

"Miaka yote nilijua hukuja," mama alimwambia.

"Sikuja kweli."

"Ulikuja. Ulikuwa pale." Sauti yake ilianza kukatika, na yeye si mtu wa kulia ovyo. "Ningejua uko ng'ambo ningevuka nikufuate. Nilikuwa nalia peke yangu na wewe uko pale."

Mimi nilikuwa nimedhani ukweli ukitoka kifua cha mama kitapoa. Badala yake uliongezeka uchungu mwingine ambao hakuwa nao kabla, na wiki zile zilizofuata nyumba yetu ilikuwa nzito kuliko wakati wowote. Walikuwa wanasemezana, hilo ndilo lililobadilika, lakini nusu ya maneno yao yalikuwa lawama. Asubuhi moja mama alimuuliza baba yule mwenye mtumbwi alikuwa nani. Siku nyingine akamuuliza alikaa pale kwa muda gani, kana kwamba anataka kumwona vizuri pale alipokuwa amekaa. Baba alijibu kila kitu. Alikonda.

Ukumbini paroko aliniomba nichukue nafasi ya baba. Nilisoma vimaandishi kama vilivyo: kofia ikawa kofia na mpini ukawa mpini. Watu walipungua, Jumapili hadi Jumapili, wakisema tafsiri yangu haina chumvi. Mzee mmoja alinieleza waziwazi kuwa baba alikuwa hajui Kichina lakini aliwajua watu. Nilimwitikia kwa adabu na moyoni nikamtukana. Waliobaki walikuwa wachache, pamoja na Msukuma mmoja mchungaji aliyekuja kwa ajili ya mifugo ya kwenye picha, na kwa hao wachache nilimaliza sanduku zima.

Mpunga ulivunwa, ukapurwa, ukaingia ndani. Mama alifungasha kama alivyokuwa amesema: masufuria mawili, mkeka, nguo, ungo wake. Baba alikuwa amekaa mlangoni anamwangalia.

"Bado unaondoka?"

"Nilishasema naondoka."

"Mimi je?"

Mama alikaza fundo la furushi kwa meno. "Ukitaka kuja, njoo. Ila safari hii usiishie mtoni."

Niliwasindikiza mpaka kwenye pantoni. Mama alipanda mapema, akasimama karibu na kingo kati ya magunia na baiskeli za watu. Baba alibaki nchi kavu, mikono mitupu, anatazama ng'ambo. Magari yalipangwa, abiria wakaisha, mfanyakazi wa pantoni akamwambia, "Mzee, panda au rudi nyuma, tunaondoka." Nilifumba macho kwa sababu sikutaka kuona. Nilipoyafumbua baba alikuwa ameshapanda, anapenya katikati ya watu. Mama hakugeuka kumtazama, ila alilivuta furushi lake kando, baba akapata pa kusimama.